Nyasi Iliyojifanya Mpunga

Nyuma ya msikiti mjini Bungoma, mkabala na duka la mbegu, kuna benchi refu lenye miguu mitatu na jiwe. Hapo ndipo tunapoitengeneza dunia kila asubuhi, na kila jioni tunaikuta imeharibika tena. Mimi nashona viatu, wananiita Gundi. Sharif anauza kahawa chungu, birika likikaa juu ya makaa kuanzia swala ya alfajiri ikiisha mpaka saa nne. Hesbon tunamwita Diwani, kwa sababu amegombea udiwani mara tatu na kuanguka mara tatu. Yeye husema watu walimnyima "kula", na hatujui kama anamaanisha kura au chakula, maana vyote alikosa. Derrick anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, kwa hivyo ni Gugo: kila ubishi anautafutia jibu kwenye simu, na kila jibu linatufikia likiwa limevunjika mguu. Wa mwisho ni Mzee Wabwile, Afande, aliyeendesha lori la magereza miaka ishirini na minane bila kumkamata hata kuku. Alipostaafu akachukua nusu ekari ya kinamasi upande wa Mabanga, akapanda mpunga. Asubuhi ninayoisimulia, mwezi wa saba, Afande alifika na pampu ya dawa mgongoni, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, na mkononi fungu la nyasi alilolishika shingoni kama mwizi wa ng'ombe.

— Niaje, Afande, Gugo akamsalimu. Leo unaenda kunyunyizia nani?

— Wacha mchezo. Hii kitu imemaliza shamba yangu.

Akalitupa lile fungu katikati ya vikombe. Majani marefu, mashina membamba, vichwa vimeinama. Diwani akaligeuza kwa kidole.

— Lakini hii ni mpunga, bana.

— Ndio shida hiyo! Jani ni ya mpunga, shina ni ya mpunga, kichwa ni ya mpunga. Unaogopa kuitoa, unaiacha, halafu ikikaribia kuiva mbegu yote iko chini. Unabaki umesimama katikati ya fimbo. Mwaka wa kwanza nilivuna magunia nane. Mwaka jana tano. Saa hii naangalia, sioni hata tatu.

— Na mama anasema nini? nikamuuliza, maana Agneta, mke wake, si mtu wa kunyamaza.

— Agneta anasema mpunga ni ya watu wa Bunyala, ati mimi nipande nduma kama wazee wenzangu. Na nimeshaambia ukoo wote Krismasi wakuje kula mchele.

— Ukoo wote? Diwani akashtuka. Hata mimi sijawahi kuahidi hivyo.

Gugo alikuwa ameshatoa simu.

— Tulieni wazee. Kuna kitu hapa ya kutambua mimea. Unapiga tu picha, inakuambia jina, baba yake, na mahali alizaliwa.

Akapiga. Tukasubiri. Sharif naye akainama kutazama, birika mkononi.

— Inasema ni muwa.

— Muwa?

— Asilimia sitini na mbili.

Diwani, ambaye hamwamini mtu mpaka aonje, akachukua shina moja akalitafuna polepole. Akatema.

— Haina sukali.

— Ngoja nirudie, Gugo akasema. Sogeza karibu. Haya. Sasa inasema tangawizi. Ah, pole. Hiyo ilikuwa kidole ya Diwani.

Tulicheka sote isipokuwa Afande. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, pampu bado mgongoni, kwa hivyo kila akivuta pumzi dawa ililia ndani kama tumbo la mgonjwa. Mimi nikaona nimpe msaada wa kitaalamu. Nikasema hizo mbegu zinaletwa na ndege. Ndege anakula huku, anajisaidia kule, hana choo maalum. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu nilikuwa nimesema kitu kinachowezekana.

— Ndege gani! Diwani akanipuuza kwa mkono. Hiyo nyasi ni ya Uganda. Imepitia Suam, ikapigwa muhuri kama msafiri, ikalala Kitale siku mbili, ikashuka hapa na gunia la mahindi. Serikali inaangalia magendo ya sukali, nyasi inapita na miguu yake.

— Wewe Diwani uko nyuma, Gugo akasema. Hiyo imetengenezwa kwa maabara. Wanaiga mpunga, kama vile wanaiga simu. Si unajua simu feki? Kifuniko ni ile ile, ukifungua ndani hakuna kitu. Sasa wameleta mpunga feki. Mwaka wa tatu inajizima, unalazimika kurudi dukani.

— Lakini mbegu nilitoa kwa shamba yangu mwenyewe, Afande akasema.

— Ndio vile wajanja wako. Walijua utaitoa huko.

Diwani akasogea karibu na Afande. Akapunguza sauti, na Diwani akipunguza sauti hata walio barabarani husikia.

— Mzee, wacha hawa. Niambie kitu moja. Hiyo nyasi imejaa wapi zaidi?

— Kwa tuta. Huko mwisho wa shamba.

— Na ng'ambo ya tuta ni nani?

Afande aliangalia viatu vyake.

— Huyo mama huwa anapita kwa tuta asubuhi na ndoo, Diwani akaendelea. Sisi sote tunajua. Kwa ndoo huwa kuna nini? Umewahi kuuliza? Mtu anabeba ndoo kila siku kwa mpaka wa mwenzake, na kwa mwenzake kunaota kitu. Mimi sijasema. Nauliza tu.

— Ni Kadija, Afande akasema. Nimefikiria sana. Hakuna mwingine. Leo napiga dawa tuta yote, na nikifika ng'ambo naingia hatua tano ndani kwake. Aone vile inauma.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu pale alilijua na kila mtu alikuwa amelisahau kwa utamu wa maneno. Kadija ni dada mkubwa wa Sharif. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Hata lile birika ni lake.

Sharif hakupiga kelele. Alitua birika. Akaja kwa Diwani, akamtoa kikombe mkononi. Akaja kwa Gugo, akakitoa. Kwangu nilikuwa nimebakisha nusu. Akakichukua hicho pia, akamwaga kahawa chini, akakipangusa kwa kitambaa. Afande alikuwa hajapewa, kwa hivyo kwake hakuwa na cha kuchukua. Alimtazama tu.

— Kahawa imeisha, Sharif akasema.

— Si birika imejaa? Gugo akauliza.

— Imeisha kwenu.

Kwa miaka kumi na moja niliyokaa kona ile sijawahi kuona Sharif akimnyang'anya mtu kikombe. Hata mama wa duka la mbegu alitoa kichwa nje kuangalia kama kuna aliyeanguka.

Kwenye kigoda changu cha wateja alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, mgeni kwetu, akisubiri kiatu. Kamba ya ndala yake ya ngozi ilikuwa imekatika na nilikuwa nimeishika sindano ikiwa ndani. Jina lake, tulikuja kujua baadaye, ni Nasimiyu. Alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa akimtazama Afande, si kwa hasira, ila kama mtu anayemtazama mwingine akivaa shati kinyume.

— Samahani wazee wangu. Hiyo dawa inaua nini?

— Nyasi, Afande akasema. Nyasi yote. Muuzaji ameniambia haibagui.

— Na mpunga si nyasi?

Tukatazamana.

— Nauliza tu, baba. Hiyo dawa ikifika kwa shamba, itajuaje ya kuua ni gani na ya kuacha ni gani?

Gugo akafungua simu, akaifunga. Diwani akakohoa. Afande alishika mkanda wa pampu kwa mikono miwili. Dawa ikalia ndani.

Nasimiyu akainama, akaokota lile fungu la nyasi.

— Na mzizi yake iko wapi?

— Ilibaki kwa matope, Afande akasema. Ukivuta inakatika.

— Kila siku inakatika?

— Kila siku. Miaka mbili sasa naamka, navuta. Mgongo imeisha.

— Mimi nimezaliwa Bunyala, nimeolewa huku. Nilianza kupanda mpunga kabla sijajua kusoma. Kama si mbali, twende nione. Usipige kitu kwanza.

Si mbali, ukipanda bodaboda. Tulikwenda sote, pikipiki tatu. Nasimiyu alikwenda na ndala moja mguuni, nyingine nilikuwa nayo mimi, sindano bado inaning'inia. Sharif alifunika makaa kwa majivu, akapanda nyuma ya Gugo bila kumsemesha. Nilidhani anakuja kupigana.

Kadija tulimkuta kule kule shambani, gauni limefungwa kiunoni, miguu kwenye maji, ndoo pembeni. Alikuwa na habari. Sharif alikuwa amempigia simu.

— Karibuni, akasema. Nimeambiwa mimi ni mkulima wa magugu. Mmekuja kununua mbegu?

Afande akaangalia upande wa mlima Elgon kana kwamba kuna mtu anamwita huko.

— Kwa ndoo kuna nini, mama? Diwani akauliza. Hapo ndipo mtu angeona kwa nini hajawahi kushinda uchaguzi.

Kadija akaiinua ndoo, akamsogezea mpaka puani. Ilikuwa imejaa konokono.

— Ya bata wangu. Nikupimie?

Nasimiyu aliomba jembe la meno, akaingia majini kwenye upande wa Afande. Kwanza akang'oa shina moja lililokuwa ndani ya mstari. Likatoka bila ubishi, mizizi yake ni nywele tu, nyeupe na fupi, kama ndevu za mbuzi.

— Hii ni mpunga. Iangalieni vizuri.

Kisha akaenda karibu na tuta, kwenye kichaka cha lile gugu lenyewe. Hakuvuta. Alichimba kwa mbali, kama mtu anayetafuta bomba la maji, akalizunguka, akaingiza meno ya jembe chini na kuinua polepole. Matope yakafunguka. Chini yake kulikuwa na vitu virefu vyeupe, vinene kama kalamu, vyenye vifundo kama muwa, vinakwenda pembeni chini ya ardhi, kimoja kimeshika kingine. Hata Gugo aliacha kupiga picha.

— Kumbe simu haikukosea sana na hiyo muwa, akanong'ona.

— Kwetu tunaita mpunga mwitu, Nasimiyu akasema. Huku juu ni ndugu ya mpunga, huwezi kutofautisha mpaka uchunguze kichwa vizuri. Huku chini ni kitu ingine kabisa. Mpunga ukivuna unakufa. Huyu hafi. Analala hapa, mwaka kwa mwaka. Ona hizi fundo, kila moja iko na jicho. Ukivuta juu, unabaki na majani, mwenyewe yuko nyumbani. Ukimkata vipande kumi, umepata kumi.

Akachukua kichwa kimoja cha lile gugu. Punje zilikuwa na sharubu ndefu zenye rangi ya kutu. Akazigusa kwa kidole kimoja tu, zikadondoka majini kabla hazijaiva.

— Baba, hii shamba ulilima na nini?

— Trekta ndogo, ile ya kusukuma na mkono. Nilikodi kwa jamaa alikuwa analima kinamasi ya huko chini.

— Ilikuja imeoshwa?

— Ilikuja na matope yake. Nilifurahi hata, nikasema hiyo ni trekta ya kazi.

— Ulilima mara ngapi?

— Mara tatu. Nilitaka iwe laini.

Niliona hesabu ikifanyika usoni mwa Afande: trekta yenye matope ya watu, visu vyake vinazunguka, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila kipande kina jicho.

— Na hizi umekuwa ukivuta, ulikuwa unatupa wapi?

Afande akanyoosha kidole. Juu ya tuta kulikuwa na lundo, refu kama jeneza, na lundo lote lilikuwa la kijani. Lilikuwa linaota. Nasimiyu alifuata mzizi mmoja kwa jembe kutoka kwenye lundo, ukashuka, ukapita chini ya tuta, ukatokea ng'ambo, ndani kwa Kadija, hatua tatu, nne, tano.

Afande akakaa chini. Alikaa kwenye maji vile vile alivyokuwa, na pampu mgongoni, maji yakamfika kiunoni. Mtu mzima mwenye mvi. Diwani alitaka kucheka, nikamfinya.

— Miaka mbili, Afande akasema. Naamka saa kumi na moja. Agneta analala, mimi navuta. Kumbe nilikuwa napanda.

Aliendelea kuongea na maji.

— Kila nikiona imeota upya, najiambia kuna mtu. Haiwezekani nimefanya kazi hivi na hakuna mtu. Lazima kuna mtu.

Kisha akainuka. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na kichwa chake kilikuwa na mstari, juu cheupe na chini cheusi. Akasimama wima mbele ya Kadija kama anavyosimama mtu kizimbani. Nadhani alikuwa ameona wengi wakisimama hivyo. Yeye ndiye aliyewapeleka.

— Mama Khairunisa. Mshtakiwa ni mimi. Nimekusingizia mbele ya watu. Nilisema nitaingia kwako hatua tano nikuharibie. Sina utetezi.

Kadija akaweka ndoo chini.

— Nilikuona, akasema. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nikikuona unavuta na kutupa kwa tuta, na kwangu inaingia. Mimi pia nimepoteza, Mzee Wabwile. Mwaka huu sitapata hata ya kupika pilau ya Idi.

— Na hukusema?

— Ningesema nini? Nilijiambia ni mzee, anaumwa na mgongo, atachoka aache. Na huyu, akamwonyesha Sharif, unakunywa kwake kila siku. Nikisema, mnakosana. Nikanyamaza, nikawa nang'oa ya kwangu na ya kwako. Na mimi pia nilikuwa navuta tu, kwa hivyo hata mimi sina akili ya kukuzidi.

Akaingia majini, akamsaidia kufungua mikanda ya pampu.

— Lakini ukisema tena jina langu huko kwa kahawa, nitakuja mwenyewe. Na sitakuja na ndoo.

— Ndiyo, mama.

— Na wewe wa konokono, akamgeukia Diwani, nitakutafuta wakati wa kampeni.

Kesho yake asubuhi Sharif alimimina kahawa. Alianza na Afande, akamjazia mpaka ukingoni. Diwani alisubiri mpaka wa mwisho, na alipewa makapi, akashukuru.

Nasimiyu alituambia ukweli ambao Afande hakuupenda: mwaka ule hakuna la kufanya isipokuwa kuzuia mbegu za mwitu zisidondoke. Kwa hivyo wiki ile yeye, Kadija na Afande walipita na miundu na vikapu, wakakata kila kichwa chenye sharubu kabla hakijaiva. Lile lundo la juu ya tuta walilianika kwenye mabati, likakauka, likachomwa. Afande alivuna magunia mawili na nusu, na karibu yote yakaenda kulipa madeni ya shamba. Krismasi ukoo ulikuja wote, watu thelathini na saba, wakakuta ugali na kuku, na sahani moja ya mchele mezani. Mzee mmoja wa ukoo akauliza huo mchele ni wa nani. Agneta akasema ni wa kuangalia.

Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na maji yameshuka, kazi yenyewe ilianza. Shamba lililimwa kwa jembe la meno, si kwa trekta, mizizi ikainuliwa mizima mizima na kuachwa juu iungue na jua. Kila siku ya tatu waliigeuza kama nafaka. Tulikuja kusaidia, mimi kwa siku mbili na Gugo kwa picha. Ilienda vizuri mpaka tulipofika kwenye tuta.

— Amejificha humu, Nasimiyu akasema. Ndani ya tuta. Mkisafisha pande zote na mkaacha tuta, mwezi wa sita mnaanza upya.

— Tuta ndiyo mpaka, Afande akasema.

— Najua, baba.

Tuta lile lina miaka mingi kuliko sisi. Watu wa huku wamepelekana mahakamani kwa tuta la kimo cha goti. Afande alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

— Mimi siligusi. Nimeshasema vya kutosha juu ya hiyo tuta. Mama Khairunisa aamue.

Kadija alikuwa ameshika jembe. Akaangalia huku na huku. Akafunga gauni vizuri.

— Pasua, akasema, na pigo la kwanza akalipiga yeye.

Ilichukua siku nne. Tulitoa mizizi iliyojaza mkokoteni mara sita. Tuta jipya likajengwa kwa udongo uliochekechwa kwa vidole, na mahali pake waliulizana: "Hapa?" "Sogeza kwako kidogo." "Hapana, kwako." Diwani akajitolea kuwa msuluhishi, akafukuzwa na wote wawili.

Mwezi wa tatu mvua za kwanza zikaja. Shamba likiwa tupu, bila hata shina moja la mpunga, machipukizi yaliyosalia yakatoka, moja hapa, mawili kule, mabichi na laini. Ndipo Nasimiyu akamwambia Afande alete pampu.

— Sasa piga. Sasa hakuna cha kubagua.

Afande alipiga kwa heshima kubwa, chipukizi moja moja, kama anayetoa chanjo. Wakasubiri yanyauke. Kisha wakaingiza maji, wakayaacha yasimame, na mwezi wa nne wakapanda miche kwa kamba, mistari imenyooka. Chochote kitakachoota nje ya mstari, Nasimiyu alisema, kijieleze.

Mwezi wa sita, Jumapili moja alasiri, Afande alitualika kijiwe kizima tukaone. Agneta alikuja pia, kwa mara ya kwanza tangu shamba lile lianze; alisimama ukingoni na viatu vya kanisani, akatazama ile mistari ya kijani ikienda mpaka mwisho, akasema tu, "Mh." Afande aliipokea hiyo "mh" kama nishani. Kadija alikuwa upande wake, anapita kati ya mistari akiwa ameinama.

Diwani alikuwa amevaa suruali nyeupe. Alitembea juu ya tuta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Ghafla akasimama.

— Huyu hapa!

— Nani? Afande akauliza, sauti imekauka.

— Mwitu! Ameluka mstari. Ona, amesimama peke yake, ni mrefu kuliko wengine, na ana kiburi. Huyu simwachi.

— Diwani, ngoja, Nasimiyu akasema. Usivute.

Lakini Diwani alikuwa ameshainama na kushika. Alivuta kwa nguvu za chaguzi tatu. Shina likatoka lote kwa mara moja, na yeye akakaa chini matopeni na ile suruali.

Aliinua alichokishika, juu, mbele ya macho yetu sote.

Mizizi ilikuwa nywele tu. Nyeupe, fupi, zinadondosha maji. Hakukuwa na kifundo wala jicho.

Niliangalia uso wa Afande nikajua hasira na kicheko vinapigana ndani yake, na sikujua kipi kitashinda. Agneta alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kadija alikuja taratibu kutoka upande wake, akavuka tuta, akasimama juu ya Diwani.

— Ni nini hiyo?

— Ni… ni mpunga, mama.

— Na huo mpunga ulikuwa umekosa nini?

Diwani akafungua mdomo. Huyu ni mtu aliyehutubia soko zima la Lugulu kwa saa mbili bila karatasi. Akaufunga.

— Rudisha, Kadija akasema.

— Nirudishe wapi?

— Ulipoutoa.

Basi Diwani akageuka, akapiga magoti kwenye maji, akachimba shimo kwa kidole. Afande akaja akachuchumaa kando yake.

— Si ndani sana.

— Hivi?

— Bonyeza pembeni. Polepole, bana, huyo ni mgonjwa.

Akabonyeza. Shina likasimama, likalala. Akalisimamisha tena, akalizungushia matope kwa viganja vyote viwili, akalishikilia. Agneta alivua viatu vya kanisani, akaviweka juu ya tuta, akaingia majini kuona kama analishika vizuri. Tulisimama pale sote, jua likishuka, tukimwelekeza.